Santuri ya Mzaha na Makaburi ya Turkana

Katika mwaka wa 1975 kampuni ya Uingereza iitwayo Transatlantic Records ilitoa santuri ya kuchekesha yenye jina la The Collected Broadcasts of Idi Amin, maana yake Mkusanyo wa Matangazo ya Idi Amin. Sauti iliyosikika ndani yake haikuwa ya Idi Amin, aliyekuwa Rais wa Uganda siku zile. Ilikuwa sauti ya mchekeshaji Mwingereza, Bw. John Bird, aliyemwiga Rais huyo kana kwamba analihutubia taifa lake. Mwaka uo huo ulitolewa pia wimbo wa dhihaka ulioimbwa na Bw. Bird, nao uliitwa Amazin' Man, yaani Mtu wa Ajabu. Neno la kwanza lilikatwa mwisho wake kusudi lipate kulia kama jina la Amin.

Msomaji aliyeko Lowarengak, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana karibu na mpaka wa Ethiopia, aweza kuuliza: mambo ya santuri ya London yanamhusu nini mtu anayetega nyavu zake ziwani au anayechunga mbuzi wake nyikani? Yanamhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, Waturkana walimjua Idi Amin kabla London haijamfanya kichekesho. Walimjua katika mwaka wa 1962, wala siku hizo hakuwa mtu wa kuchekwa. Ya pili, mtu huyo alipokwisha kuwa Rais alidai nchi ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za Uganda, na nchi ya magharibi ya ziwa ni mojawapo. Kwa hiyo yafaa habari za santuri hiyo zisimuliwe pamoja na habari za Turkana, ili zote mbili zipimwe katika mizani moja.

WALIOITENGENEZA

Maneno ya santuri yalitoka katika maandishi ya Bw. Alan Coren, mwandishi wa gazeti la London lililoitwa Punch. Gazeti hilo lilianzishwa mwaka wa 1841, na kwa miaka mingi lilisifika kwa kuwacheka wakubwa. Bw. Coren alikuwa akiandika humo hotuba za kubuni, kana kwamba zimetolewa na Idi Amin mwenyewe. Hotuba hizo zilipendwa mno, zikakusanywa katika vitabu viwili, kimoja cha mwaka wa 1974 na kingine cha mwaka wa 1975. Ndipo Bw. Bird akazitia sauti.

Bw. Bird hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Alizaliwa mwaka wa 1936 katika mji wa Nottingham, akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na alipofariki mwaka wa 2022 alikumbukwa kuwa mmoja wa watani hodari wa siasa katika nchi yake. Alimwiga Waziri Mkuu wa Uingereza, Bw. Harold Wilson, mbele ya Waingereza wenyewe. Alimwiga pia Mzee Jomo Kenyatta katika michezo ya televisheni ya miaka ya 1960. Watu wa Turkana wanao ukumbusho mwingine wa Mzee huyo, kwa kuwa alifungwa Lokitaung, si mbali na Lowarengak, tangu mwaka wa 1953 hadi 1959, kisha akawekwa Lodwar hadi mwaka wa 1961.

Kumcheka mtawala si kosa. Nchi ambayo raia wake wanaweza kumwiga Waziri Mkuu jioni na kulala salama usiku ni nchi yenye bahati. Tena wapo Waganda waliokimbilia ng'ambo ambao, baada ya kupoteza jamaa na mali, wangeweza kupata faraja kidogo kwa kuona mtu aliyewatisha akifanywa duni. Basi lawama ya santuri hii haiko katika kumcheka Rais. Iko katika kitu alichochekewa.

KIINGEREZA CHA KUBUNI

Mchekeshaji amwigapo mtu, huchagua jambo moja la mtu huyo na kulikuza. Jambo alilochagua Bw. Coren, na ambalo Bw. Bird alilitamka, lilikuwa Kiingereza kibovu: Kiingereza ambacho Mwingereza hudhani kwamba kila Mwafrika hukisema. Makosa ya sarufi na matamshi ndiyo yaliyokuwa kiini cha kicheko. Mambo ya kuua yalitajwa, lakini yalitajwa kama mchezo wa mtoto mkubwa asiyejua alifanyalo.

Hapo pana hatari mbili. Kwanza, mtu akichekwa kwa matamshi yake, hachekwi peke yake. Karani wa Kampala, mwalimu wa Kisumu na mvuvi wa Lowarengak wote huchekwa pamoja naye, nao hawakumwua mtu. Wachapishaji wa Marekani waliliona jambo hilo, wakakikataa kitabu cha Bw. Coren kwa hofu ya kuwatukana watu kwa rangi yao. Pili, mwenye kuchekwa kwa ujinga wa lugha huonekana kuwa mjinga wa mambo yote, na mjinga hudhaniwa kuwa hana madhara makubwa. Idi Amin hakuwa mjinga wa namna hiyo. Alitoka katika cheo cha chini jeshini hadi Ikulu, na huko alikaa miaka minane akiwashinda werevu wengi waliotaka kumwondoa. Alijua kusema na askari wake kwa lugha yao, na mwaka wa 1973 ndiye aliyetoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa la Uganda.

MAMBO YA MWAKA WA 1962

Idi Amin aliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wenyeji waliliita Keya, katika mwaka wa 1946. Maofisa wa Kiingereza walimpenda kwa nguvu zake na kwa utii wake. Alipandishwa cheo hatua kwa hatua, akawa efendi mwaka wa 1959, na mwaka wa 1961 akawa luteni. Yeye na Shaban Opolot ndio Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha uofisa kamili.

Mapema katika mwaka wa 1962 Luteni Amin alipelekwa pamoja na askari wa Batalioni ya 4 kaskazini-magharibi ya Kenya, kwenye mpaka wa Turkana na Karamoja. Kazi waliyopewa ilikuwa kuzuia wizi wa mifugo na kukusanya silaha. Wizi huo ulikuwa jambo la kweli, nao uliwaumiza watu wa pande zote mbili. Lakini askari walipoondoka, malalamiko yaliwafikia wakubwa wa Serikali ya Kenya kwamba Waturkana wameuawa bila hukumu. Serikali iliagiza makaburi yafukuliwe. Maiti zilipochunguzwa ilionekana kwamba watu hao waliteswa, wengine walipigwa mpaka wakafa, na wengine walizikwa wakingali hai.

Hili si jambo la uvumi. Lilikuwa shauri lililotoka Nairobi likafika Entebbe, kwa Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts. Sir Eric Griffith-Jones, aliyekuwa Naibu wa Gavana wa Kenya, alitaka Amin ashtakiwe mahakamani. Gavana Coutts aliona kwamba Uganda imebakiwa na miezi michache tu kabla ya kupata uhuru wake, tarehe 9 Oktoba, 1962. Kumshtaki mmoja wa maofisa wawili Waafrika wakati kama ule lilikuwa neno zito la siasa. Basi akamwuliza Dk. Milton Obote, Waziri Mkuu, naye akashauri kwamba Amin aonywe tu. Baadaye Gavana alieleza kwamba alikuwa amemtahadharisha Dk. Obote kuwa ofisa huyo angeweza kumletea taabu siku za mbele.

Ikawa hivyo. Tarehe 25 Januari, 1971, Amin alimpindua Dk. Obote aliyekuwa amekwenda mkutanoni Singapore. Serikali ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa zile zilizoharakisha kuitambua serikali mpya. Watu waliouawa katika utawala wake hawakuhesabiwa kwa hakika. Makadirio huanzia 80,000 na kupita 300,000. Jaji Mkuu, Bw. Benedicto Kiwanuka, alikamatwa mahakamani Kampala mwezi wa Septemba, 1972, wala hakurudi tena.

Hapa ndipo mtu wa Turkana aonapo upungufu wa mzaha wa London. Mtu aliyechekwa kwa Kiingereza chake alifundishwa kazi ya bunduki na Waingereza, akapandishwa vyeo nao, na hatia yake ya kwanza kubwa ilijulikana kwao miaka 13 kabla ya santuri kutolewa. Kama mchekeshaji angetaka kuwachoma walio karibu naye, mwiba ulikuwapo tayari. Kumcheka mtu wa mbali kwa matamshi yake ni kazi nyepesi kuliko kuwauliza watu wa nyumbani ni nani aliyempa cheo, na kwa nini faili la Turkana lilifungwa.

MTU ALIYEJIFANYA KICHEKESHO

Ni haki pia kusema kwamba Amin mwenyewe aliwapa wachekeshaji chakula kingi. Alijivika nishani nyingi na kujiita Mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwaka wa 1972 alimpelekea Mwalimu Julius Nyerere simu ya maandishi ya kusema kwamba anampenda, na kwamba angemwoa kama angekuwa mwanamke. Mwaka wa 1973 alianzisha mfuko wa fedha wa kuisaidia Uingereza katika shida zake za uchumi. Na mwezi wa Julai, 1975, wakati wakuu wa Afrika walipokutana Kampala, alibebwa juu ya kiti na wafanya biashara wa Kiingereza, picha ikatangazwa duniani kote.

Watu wengi walicheka, hata katika Afrika, kwa kuwa kumwona aliyekuwa mtawaliwa akibebwa na waliokuwa watawala kulikuwa na utamu wake. Lakini kicheko hicho kilikuwa pazia. Mwaka mmoja kabla, yaani 1974, Jumuiya ya Kimataifa ya Wanasheria yenye makao yake Geneva ilikuwa imekwisha kutoa taarifa juu ya watu kuuawa na sheria kuvunjwa katika Uganda. Taarifa ya wanasheria haina wimbo, wala haichezwi karamuni. Hata hivyo, katika mkutano ule wa Kampala, Amin alifanywa Mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Marais wa Tanzania, Zambia na Botswana walikataa kuhudhuria. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

BEI YA KICHEKO

Kila kicheko kina mtu wa kukilipia. Kwa Bw. Bird na Bw. Coren bei ilikuwa ndogo, maana walikuwa London. Mwaka uo huo wa 1975 Mwingereza mwingine, Bw. Denis Hills, aliyekuwa mwalimu Kampala, alikamatwa kwa sababu ya maneno machache katika muswada wa kitabu ambacho hakijachapwa, humo akiwa amemfananisha Amin na dhalimu wa kijijini. Alihukumiwa kuuawa kwa risasi. Malkia wa Uingereza alituma barua, na mmoja wa waliotumwa kuipeleka alikuwa Meja Iain Grahame, aliyekuwa mkubwa wa Amin siku za Keya. Mwisho Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Bw. James Callaghan, alilazimika kufunga safari hadi Kampala mwezi wa Julai ili kumchukua.

Hata mtu aliyekuwa Paris hakuweza kumcheka bure. Bw. Barbet Schroeder alipiga filamu ya Amin mwaka wa 1974, naye Amin alipopata habari kwamba watazamaji wanacheka, alitaka vipande fulani vikatwe. Ilipokataliwa, aliwakamata Wafaransa waliokuwa wakikaa Uganda na kuwaweka pamoja hotelini, mpaka filamu ikakatwa kama alivyotaka.

Hao waliokoka, kwa kuwa walikuwa na serikali za kuwasemea. Mganda hakuwa na wa kumsemea. Bw. Byron Kawadwa alikuwa mkuu wa Jumba la Michezo la Taifa huko Kampala, na mtunzi wa mchezo wa nyimbo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, ambao ulisema juu ya utawala na unyang'anyi wake kwa mafumbo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1977 mchezo huo ulionyeshwa Lagos katika sherehe kubwa ya sanaa za watu weusi. Aliporudi nyumbani alikamatwa, akauawa. Yeye hakumwiga mtu matamshi, wala hakuuza santuri London. Alisema kwa lugha ya watu wake, mbele ya watu wake, jambo ambalo wote walilijua. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

MADAI YA MWAKA WA 1976

Mwaka ule ule wa santuri, Serikali ya Kenya ilibadili jina la Ziwa Rudolf, likaitwa Ziwa Turkana kwa heshima ya wenyeji wake. Miezi michache baadaye, mwezi wa Februari, 1976, Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa za Kenya na za Sudan ya Kusini ni za Uganda kwa asili. Upande wa Kenya madai yake yalifika karibu na Nairobi.

Madai hayo yalikuwa na chembe ya historia. Serikali ya Kiingereza ilihamisha nchi za Bonde la Ufa na za Nyanza kutoka Uganda mwaka wa 1902, na Jimbo la Rudolf, penye Waturkana wa magharibi ya ziwa, lilihamishwa mwaka wa 1926. Mzee aliyezaliwa Lowarengak kabla ya mwaka huo alizaliwa katika nchi ya Uganda kwa hesabu ya ramani, ingawa labda yeye na mbuzi wake hawakuambiwa. Lakini Mturkana aliyeyakumbuka mambo ya 1962 hakuwa na haja ya ramani ili kuchagua upande. Wananchi wa Kenya waliandamana, wafanya kazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda, na Amin akarudi nyuma. Yule aliyekuwa kikaragosi katika santuri alikuwa, kwa watu wa mpakani, jirani mwenye vifaru.

MIZANI YA MZAHA

Je, Waafrika ya Mashariki wapuuze nyimbo za dhihaka? La, hasha. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka wa 1928 kuimba katika santuri za His Master's Voice, aliimba wimbo wa Kijiti, habari za mhalifu aliyemwua mwanamke kisha akatoroka, huku mashahidi ndio wakaingia taabuni. Wimbo huo uliwaburudisha watu, lakini uliwaambia pia nani amekosa, nani ameonewa, na mahakama imefanya nini. Siti hakucheka lugha ya mtu. Alionyesha dhuluma, na dhuluma ilikuwa ya nyumbani kwake.

Basi mizani ya mzaha ina mambo matatu. Mtu ausikiapo na atazame kwanza kinachochekwa: ni tendo la mtu, au ni ulimi wake, kabila lake na rangi yake? Na atazame pili anayelipa: mwenye kucheka, au mwingine aliye mbali? Na atazame tatu kinachofichwa: wakati watu wanacheka, ni jambo gani limeachwa bila kusemwa? Kwa mizani hiyo santuri ya mwaka wa 1975 yaonekana kuwa kazi ya ustadi, lakini nyepesi. Ilimfanya muuaji mcheshi, ikawatia aibu wasiohusika, na waliomkuza jeshini ikawaacha wakicheka pamoja na wengine.

Amin mwenyewe, yaelekea, hakuumizwa nayo sana. Majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoiteka Kampala mwezi wa Aprili, 1979, mwandishi mmoja wa Marekani aliripoti kwamba alikiona kitabu cha Bw. Coren kando ya kitanda cha Amin. Mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbia. Aliishi miaka mingi Saudi Arabia, akafa Jeddah tarehe 16 Agosti, 2003, bila kusimama mbele ya jaji yeyote, si kwa ajili ya Waganda wala kwa ajili ya Waturkana.

Sauti ya Bw. Bird ingali ikisikika mpaka leo, kwa kuwa ilitiwa katika santuri. Sauti za waliofiwa mwaka wa 1962 hazikutiwa popote. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati ule amepita sasa umri wa miaka 75, na wazee wa namna hiyo hupungua kila msimu wa kiangazi. Siku hizi simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa Lodwar, wa Kakuma au wa Lowarengak yaweza kunasa sauti vizuri kuliko vyombo vya London vya zamani. Wazee na waulizwe kwa lugha yao: majina ya waliouawa, mahali walipozikwa, na mifugo iliyochukuliwa. Faili lililofungwa Entebbe haliwezi kufunguliwa tena na Gavana, lakini laweza kuandikwa upya na wajukuu.